Celeron 300A na Akiba ya Kasi

Tarehe 24 Agosti 1998 Intel iliingiza sokoni prosesa mbili kwa siku moja. Pentium II ya megahezi 450 ndiyo iliyokuwa fahari ya kampuni, na bei yake ya jumla ilikuwa dola 669. Celeron 300A ililenga kompyuta za bei nafuu: megahezi 300, dola 149. Wiki chache hazijapita, habari zilikuwa zimewafikia mafundi wa Ulaya, Asia na Marekani kwamba ile ya dola 149, ukibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye ubao mama, inapiga megahezi 450, na katika michezo mingi inakwenda bega kwa bega na ile ya dola 669.

Waliokuwa na mazoea ya kupandisha kasi ya prosesa walizoea nyongeza ya asilimia 10, au 20 kwa bahati. Hii ilikuwa asilimia 50, na chipu nyingi zilifika hapo bila kuongezewa volti, kwa feni ya kawaida tu. Jambo hilo lilikuwa na sababu zake, na sababu hizo ndizo zinazoonyesha mpaka leo ni wapi mtu anaongeza kasi kwa usalama na ni wapi anajidanganya.

Chipu za aina moja huchongwa kwa ramani moja juu ya bamba la silikoni. Zikishakatwa hupimwa moja moja: ipi inahesabu sawasawa kwa kasi hii, kwa volti hii, katika joto hili. Ndipo hugongwa muhuri wa kasi. Lakini muhuri huo haufuati vipimo peke yake. Mwenye kiwanda huacha akiba kwa makusudi, kwa kuwa anajua chipu itakwenda kukaa ndani ya boksi lenye vumbi, feni itachoka, umeme wa nyumbani hautakuwa safi, na miaka ikipita transista zitazeeka. Tena kuna soko. Wanunuzi wa bei ndogo ni wengi kuliko wa bei kubwa, na kiwanda kikishakomaa hutoa chipu bora nyingi mno kuliko wanaoweza kuzilipia. Zilizobaki hushushwa muhuri ili zijaze mahitaji ya chini.

Celeron 300A ilikuwa na jambo jingine la ziada. Celeron ya kwanza, iliyotoka Aprili mwaka huohuo, haikuwa kabisa na kache ya ngazi ya pili, ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayokaa karibu na prosesa, na ilisemwa vibaya kila mahali kwa kwenda polepole. Intel ikajibu kwa kuweka kache ya kilobaiti 128 ndani ya silikoni ileile ya prosesa, ikienda kwa kasi yote ya prosesa. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, lakini hizo zilikaa kwenye chipu za pembeni na zilikwenda nusu ya kasi. Ukiisukuma Pentium II, mara nyingi chipu hizo za pembeni ndizo zilizokuwa za kwanza kushindwa. Celeron haikuwa na mzigo huo. Kwa kutaka kurekebisha bidhaa yake dhaifu, Intel iliwapa watu prosesa iliyo tayari kukimbia.

Tabia yenyewe ni ya zamani kuliko hapo. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda megahezi 4.77. Mwaka 1984 ikaja IBM AT yenye 80286 ya megahezi 6. Kasi hiyo ilitokana na kristali ya kwatzi ya megahezi 12, ambayo mapigo yake yaligawanywa kwa mbili, na kristali yenyewe ilichomekwa tu kwenye soketi. Watu waliing'oa, wakachomeka ya megahezi 16, na mashine ikapanda hadi megahezi 8. IBM haikupendezwa. Katika toleo lililofuata la BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, iliweka kipimo cha kasi wakati wa kuwasha, na mashine iliyozidi megahezi 6 ikakataa kuendelea. Mvutano wa nani mwenye haki ya ile akiba, aliyeiacha au aliyeinunua, ulianzia hapo na haujaisha.

Kuanzia 486DX2 ya mwaka 1992, kasi ya ndani ya prosesa ikawa zao la namba mbili: kasi ya njia ya mfumo, inayoiunganisha prosesa na ubao mama, mara kizidishi. Hapo wezi wakapata riziki. Katikati ya miaka ya 1990 palizuka biashara ya kukwangua muhuri wa prosesa za bei ndogo na kugonga mwingine wa kasi kubwa, kisha kuziuza kama za bei kubwa. Intel ikajibu kwa kufunga kizidishi. Kufuli hilo liliwabana walaghai, na likawabana pia wenye mali waliotaka kufanya majaribio kwa fedha zao wenyewe. Nadhani sababu ya ulaghai ilikuwa ya kweli. Ila ililinda pia tofauti ya bei kati ya muhuri mmoja na mwingine, na hilo kampuni haikulitangaza kwa sauti.

Kizidishi cha Celeron 300A kilifungwa kwenye 4.5. Njia ya mfumo ilikuwa megahezi 66, na 66.6 mara 4.5 ni 300. Lakini ubao mama wenye chipseti ya 440BX, uliotoka Aprili 1998 kwa ajili ya Pentium II mpya, uliweza kuendesha njia hiyo kwa megahezi 100. Mia moja mara 4.5 ni 450. Ubao wa Abit BH6 ulikuruhusu kuchagua hilo ndani ya BIOS bila kugusa bisibisi. Kwa mbao nyingine, mafundi waligundua kwamba mguso mmoja wa prosesa, ulioitwa B21, ndio unaouambia ubao njia iende kwa kasi gani. Waliufunika kwa kipande cha utepe au tone la rangi ya kucha, na ubao ukaamini kwamba umepokea prosesa ya megahezi 100.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami nataka nikae nalo, maana ndani yake mna somo kubwa la usalama kuliko yote ya enzi ile. Njia ya mfumo haikuiendesha prosesa peke yake. Kutoka kwenye mapigo yake ndipo yalipokatwa mapigo ya njia ya PCI, iliyobeba kadi za mtandao, kadi za sauti na kidhibiti cha diski kuu. PCI ilitakiwa iende megahezi 33. Kwenye megahezi 66 ubao uligawanya kwa mbili: 33. Kwenye 100 uligawanya kwa tatu: 33 tena. Lakini kati ya hapo kulikuwa na 75 na 83, na huko bado uligawanya kwa mbili. Mtu aliyeogopa kufika 100, akaona atulie kwenye 83 kwa tahadhari, aliipeleka PCI yake kwenye megahezi 41.5. Prosesa yake ilikuwa kwenye 375 tu na ilikuwa baridi. Mashine iliwaka, programu zikafunguka. Huku nyuma kidhibiti cha diski kilikuwa kinaandika herufi zisizo zake kwenye mafaili, na mwenyewe alikuja kujua siku picha zake zilipokataa kufunguka. Kasi kubwa ya 450 ilikuwa salama kuliko kasi ndogo ya 375. Mtu aliyepima usalama kwa ukubwa wa namba, au kwa joto la prosesa peke yake, hakuweza kuliona hilo. Ilibidi ajue kila kitu kinachofuata yale mapigo.

Mashine iliyopandishwa kasi kupita uwezo wake huanza kwa kukosea hesabu, na moshi kwa kawaida hauonekani kabisa. Ndani ya prosesa, kila pigo ni muda wa mwisho: umeme lazima uwe umepita kwenye safu ya transista na kutulia kabla ya pigo linalofuata. Ukifupisha muda huo, njia ndefu kuliko zote ndani ya chipu huchelewa kwanza, mara moja kati ya mabilioni, na sifuri husomwa kama moja. Mwaka 2005 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza kisa cha taarifa za hitilafu za Windows zilizowashangaza wenzake. Programu ilikuwa imeanguka kwenye amri ya kufuta rejista ya prosesa iwe sifuri, amri isiyogusa kumbukumbu wala diski na isiyoweza kushindwa kwa njia yoyote ya kawaida. Walipowauliza wenye mashine, jibu likawa lilelile: prosesa imepandishwa kasi. Baadhi yao hawakujua, kwani duka ndilo lililoipandisha na kuwauzia bila kuwaambia.

Watafiti wa Microsoft, Edmund Nightingale, John Douceur na Vince Orgovan, walilipima jambo hilo kwa upana na kulichapisha mwaka 2011, wakitumia taarifa za kompyuta zipatazo milioni moja za watu wa kawaida. Zilizopandishwa kasi zilianguka kwa kosa la prosesa mara nyingi zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Zilizoendeshwa chini ya kasi ya muhuri zilitulia kuliko hata zile zilizoachwa kama zilivyotoka kiwandani. Na mashine ikishaanguka mara moja kwa kosa la aina hiyo, uwezekano wa kuanguka tena ulipanda sana.

Ndiyo sababu zana iliyoheshimika kuliko zote miongoni mwa wapandisha kasi ilitoka kwa watu wa hisabati. George Woltman alianzisha mwaka 1996 mradi wa kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne kwa kutumia kompyuta za watu waliojitolea, na programu yake ya Prime95 ilihitaji uhakika kwamba kompyuta hizo hazikosei. Akaiwekea jaribio linalofanya hesabu nzito ambazo majibu yake yanajulikana, na kulinganisha. Jibu likipishana, jaribio linasimama. Windows inaweza kuwaka na mchezo ukachezeka saa nzima juu ya prosesa ambayo Prime95 inaikamata kwa dakika nne. Kwa mtu anayehifadhi hesabu za duka, tasnifu au picha za familia kwenye mashine yake, jibu la Prime95 ndilo la kuamini.

Baada ya usahihi ndipo huja uhai wa chipu yenyewe, na hapo adui mkubwa ni volti. Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa inayokula wati 100 kwenye gigahezi 4.0 kwa volti 1.2. Ukiipeleka 4.6 kwa volti ileile, inafika wati 115. Ukilazimika kuipa volti 1.4 ili itulie, inafika karibu wati 157, na zote hizo hugeuka joto kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mwaka 1969 James Black wa kampuni ya Motorola alieleza jinsi mkondo mkali wa umeme unavyosukuma atomi za metali ndani ya nyaya nyembamba za chipu, mpaka waya unakatika mahali pamoja na kuvimba mahali pengine, na jinsi joto linavyoharakisha mchakato huo kwa nguvu. Wapandisha kasi walilijua jina la Black baada ya mwaka 2002, walipoipata Pentium 4 iliyoitwa Northwood. Volti yake ya kawaida ilikuwa 1.5. Waliozoea chipu za zamani waliipa zaidi ya 1.7, ikakimbia vizuri mno kwa wiki au miezi kadhaa, kisha siku moja ikakataa kuwaka. Ilikuwa imechongwa kwa nanomita 130, na nyaya zake zilikuwa nyembamba kuliko za kizazi kilichozoea volti hizo.

Joto nalo lilipata ushahidi wake wa macho. Mwaka 2001 Thomas Pabst, daktari wa Kijerumani aliyegeuka mpimaji wa vifaa vya kompyuta, na wenzake walirekodi video wakiondoa hitisinki juu ya prosesa zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza mapigo yake yenyewe na mchezo ukaendelea polepole. Pentium III ikaganda. Athlon ya AMD, ambayo wakati ule haikuwa na kinga ya ndani ya kujizima, ilitoa moshi na kufa. Leo kila prosesa ya mezani hujishusha kasi ikifika kikomo chake cha joto, mara nyingi kati ya digrii 90 na 100, na video ile ilichangia kuifanya kinga hiyo iwe jambo la kudaiwa na kila mnunuzi.

Huyohuyo Pabst alikuwa mwaka mmoja nyuma ameikamata Intel yenyewe. AMD ilifika gigahezi 1 tarehe 6 Machi 2000, siku mbili kabla ya Intel, na ushindani ukawa mkali. Mwisho wa Julai Intel ikatangaza Pentium III ya gigahezi 1.13. Pabst, na baada yake Kyle Bennett wa Marekani, wakagundua kwamba haitulii. Ilishindwa kukamilisha kazi ya kujenga kiini cha Linux kutoka kwenye msimbo wake, kazi isiyosamehe kosa hata la biti moja. Agosti haijaisha, Intel ikairudisha chipu hiyo kutoka sokoni. Nakitazama kisa hiki kama kiini cha historia yote. Mwenye kiwanda, kwa kushindana, alikuwa ameila ile akiba kabla ya kuuza. Kilichotofautisha kazi yake na ya kijana wa rangi ya kucha ni muhuri na dhamana tu.

Miaka iliyofuata akiba ilipewa bei. Mwaka 2011, kwa kizazi cha Sandy Bridge, Intel iliunganisha karibu mapigo yote ya mfumo kwenye chanzo kimoja cha megahezi 100, kiasi kwamba kukigusa zaidi ya asilimia chache kuliyumbisha diski na kadi kwa pamoja, ule mtego wa PCI katika umbo jipya. Aliyetaka kupandisha kasi alinunua prosesa yenye herufi K, ambayo kizidishi chake kiko wazi: Core i5-2500 iliuzwa dola 205, na 2500K dola 216. Nyingi za K zilitoka 3.3 hadi 4.5 kwa kupozwa na hewa tu. Kwangu huo ulikuwa utaratibu mzuri, kwa sababu kizidishi hupandisha prosesa peke yake na kuacha kila kingine kwenye mapigo yake halali. AMD ikaenda mbali zaidi mwaka 2017 kwa kuacha wazi kizidishi cha kila prosesa ya Ryzen ya mezani.

Wakati huohuo Turbo Boost, iliyoanza mwaka 2008, ilikuwa inaifundisha prosesa kujipandisha yenyewe kila joto na umeme vinaporuhusu. Kila kizazi kilichimba zaidi, hadi Core i9-14900K ya mwaka 2023 ikafika gigahezi 6.0 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Akiba iliyowahi kuwa asilimia 50 imebaki tatu au tano, na malipo ya kuifuata nayo yameonekana. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye soketi. Waliozitumia walikuwa wamewasha tu mpangilio wa kuongeza kasi ya kumbukumbu, na mbao mama zikapandisha kimyakimya volti ya sehemu nyingine ya chipu, mpaka AMD ikaiwekea kikomo cha 1.3. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinazeeka mapema kwa kupewa volti kubwa mno. Ikatoa maikrokodi mpya, ya kwanza kubwa ikiwa 0x129 ya mwezi Agosti inayozuia prosesa kuomba zaidi ya volti 1.55, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Chipu iliyokwisha kuathirika haikuweza kuponywa na maikrokodi hiyo.

Kwa hiyo anayeifungua BIOS leo aanze kwa kuangalia kama toleo lake ni jipya, kisha asome volti ambazo ubao umejiwekea bila kumuuliza. Baada ya hapo faida kubwa iko upande wa kushusha volti: tangu mwishoni mwa mwaka 2020 AMD hutoa Curve Optimizer, inayopunguza volti kwa kila kiini cha prosesa hatua kwa hatua, na prosesa iliyopoa hujipandisha yenyewe. Kushusha volti nako kunaweza kuleta makosa ya hesabu, mara nyingi mashine ikiwa imetulia badala ya ikiwa kazini, kwa hiyo Prime95 peke yake haitoshi. Iache pia ikae bila kazi usiku kucha, kiini kimoja kimoja kipimwe, mafaili ya thamani yakiwa yamenakiliwa pengine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukiandike. Na anayeishi Tanga au Mombasa ajue kwamba vipimo vingi vinavyochapishwa vilifanywa kwenye chumba cha digrii 21 au 22. Kipozaji kinachoiacha prosesa digrii 55 juu ya hewa ya chumba huiweka huko kwenye 77, na huku, mchana wa Februari bila kiyoyozi, kwenye 88. Jaribio la kuamini ni lile lililofanywa saa nane mchana katika mwezi wa joto kuliko yote, madirisha yakiwa kama yalivyo kila siku, kisha likarudiwa baada ya vumbi la miezi kadhaa kukaa kwenye feni.